Miti ya Akiru Haikuwa Sampuli

Nimekwisha kurudisha ufunguo wa maabara na kitambulisho cha kazi, na sasa, kwa mara ya kwanza tangu nilipoajiriwa, hakuna mtu anayeweza kuniamuru nipunguze makali ya ripoti. Nitaitumia ruhusa hiyo. Ninyi wenzangu wadogo wa idara mliniomba niandike jinsi nilivyopanda ngazi. Ngazi hazina la kufundisha. Anayekaa kazini muda mrefu bila kufa hupandishwa. Nitaandika badala yake juu ya jambo mnaloniuliza kila mnapobisha mlangoni mkiwa na tangazo mkononi: nafasi za utafiti kwa wahitimu. Mnauliza ipi ina gari, ipi ina stahiki nzuri, ipi ina msimamizi anayesoma anachotumiwa. Hamjapata kuniuliza mtatakiwa kukata nini, wala ni cha nani.

Mimi nilipata nafasi yangu katika miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa bado changa na miti ya kando ya mto ikiwa tayari imeanza kuonekana uchi. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya misitu na kurudi nyumbani Taita, ambako nilimsaidia mama kupalilia kabichi huku nikitafakari, kwa kirefu kupita kiasi, iwapo kabichi ni hatima au ni kipindi cha mpito. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa idara. Lilitaka mhitimu mmoja, raia wa Kenya, kwa shahada ya uzamili katika ikolojia ya miti ya nchi kame, Turkana. Mstari wa mwisho ulisema kwamba mbinu za utafiti zilikuwa zimekwisha kuamuliwa. Msimamizi wangu alinipongeza kwa mstari ule. Alisema wanafunzi wengi hupoteza mwaka mzima wakitafuta mbinu. Mimi nilikuwa nimepunguziwa mzigo. Tangu hapo nimejifunza kuwaogopa watu wanaonipunguzia mizigo kabla sijaiona.

Ofisi ya mradi ilikuwa Lodwar, katika nyumba ya mabati iliyopakwa rangi nyeupe, yenye feni iliyozungusha joto bila kulipunguza. Mkuu wake tulimwita Mratibu. Alikuwa Mkenya mwenzetu, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye vumbi, na Kiingereza alichokitumia kama uzio: aliyekijua aliingia, asiyekijua alingoja nje. Siku ya kwanza alinikabidhi vifaa vyangu kimoja kimoja. Utepe wa kupimia kipenyo cha shina. Kifaa cha kupimia urefu wa mti. Mizani mbili za kuning'iniza, zenye ndoano. Turubai, kamba, mifuko ya karatasi ya kukaushia majani. Mwisho akaniongoza stoo na kufunua gunia. Chini yake kulikuwa na msumeno wa injini, mpya, ukiwa bado unanukia mafuta ya kiwandani.

“Huu,” alisema, “ndio roho ya utafiti wako.”

Naomba nieleze mbinu yenyewe, maana msomaji asiyeielewa atadhani nina chuki na sayansi. Mti uliosimama hauwezi kuwekwa kwenye mizani. Kwa hiyo mtafiti huchagua miti michache ya unene mbalimbali, huikata, huigawa katika shina, matawi na majani, hupima kila sehemu ingali mbichi, kisha hutafuta mlinganyo unaounganisha unene na uzito. Baada ya hapo hakuna haja ya kukata tena. Unaupima mti kiunoni kwa utepe, na mlinganyo unakuambia una kuni kiasi gani. Mradi ulitaka kujua kingo za mto zingeweza kuipa kambi kuni kwa muda gani. Swali lilikuwa la haki. Mbinu nayo si dhambi. Nimeitumia baadaye katika mashamba ya serikali ya msonobari na sikupoteza usingizi. Lakini mbinu ile ilibuniwa na watu ambao, mti unapokuwa umesimama bila uzio, hudhani hauna mwenyewe.

Nilipewa watu wawili wa kufanya kazi nao. Wa kwanza alikuwa Ekal, mwenyeji wa Lorugum, mkalimani na mshika kamba, mtu wa mzaha usioisha, aliyeamini kwamba watu wa Taita ni kabila la kufikirika. Wa pili alikuwa Deng, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, aliyeajiriwa kambini kwa sababu alijua kutumia msumeno wa injini. Alijua kuutumia kwa kuwa alikuwa amesoma misitu chuo kikuu kwao kabla ya vita kukifunga chuo. Hilo nililigundua mwenyewe siku alipotaja jina la mti kwa Kilatini, kwa lafudhi bora kuliko yangu.

“Dada,” aliniuliza siku hiyo, akiwa ameshikilia ngazi, “hiyo nafasi yako, mtu kama mimi anaweza kuandika barua?”

“Tangazo linasema raia.”

“Raia wa wapi?”

“Wa Kenya.”

“Kalas. Basi mimi nashika ngazi. Ngazi haina raia.”

Ekal alicheka. Mimi sikucheka, na hata leo sioni ni sehemu gani ya jibu lile ilikuwa mzaha.

Tulisafiri hadi Kakuma katika msafara uliolindwa na askari, kwa sababu barabara ile wakati huo haikuwa ya mtu kwenda peke yake. Mto wa Kakuma ni Tarach, laga pana ya mchanga ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haina maji ya kuonekana. Kandokando yake imesimama migunga mikubwa ambayo Waturkana huiita ewoi. Nilianza na mti wa kwanza niliouona kuwa umenyooka. Nilikuwa nimekumbatia shina lake, nikizungusha utepe, niliposikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

“Wewe! Nani alikutuma kufunga mti yangu kamba?”

Alikuwa mama wa makamo, mrefu, shingo imejaa shanga hadi kidevuni, fimbo mkononi, na mbuzi wakimfuata kama watu wanaotaka kusikia kesi. Nilimwamkia kwa neno pekee nililokuwa nalo. “Ejok.”

“Ejok nooi,” alijibu, bila kuondoa macho kwenye utepe. “Nauliza.”

“Sifungi, mama. Napima unene wake.”

“Unapima ya nini? Unashonea yeye nguo?”

Ekal aliketi chini kwa kicheko. Mama yule, ambaye jina lake lilikuwa Akiru, hakutabasamu. “Na ukijua unene, halafu?”

Nilikuwa ninatunga jibu lenye vishazi kadhaa, lakini Ekal, ambaye hakuwa na karama ya kulainisha mambo, alinitangulia. “Halafu wanakata, wanaweka kwa mizani.”

Akiru alimwambia kitu kwa Kiturkana, kifupi, nami nikamwomba Ekal atafsiri. “Anauliza,” alisema Ekal, “kama kwenu mtu akitaka kujua mama yake ana uzito gani, anafanya hivyo hivyo.”

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo halikuwamo katika andiko la mradi, ingawa kila mtoto wa Kakuma alilijua. Miti ile haikuwa ya porini. Kingo za Tarach, na za Turkwel hadi kule Katilu, zimegawanywa tangu zamani katika vipande vinavyoitwa ekwar. Kila ekwar ni ya familia moja. Mwenye ekwar ndiye mwenye haki ya kukata matawi ya kulisha mifugo na kuokota matunda ya ewoi, yale maganda yaliyojikunja yanayoitwa ngitit, ambayo huanguka wakati nyasi zimekwisha kabisa na mbuzi hawana kitu kingine. Mgeni huomba. Asiyeomba hutozwa mnyama. Hakuna uzio, hakuna kibao, na hakuna anayekosea mpaka, isipokuwa mradi wenye ramani.

“Mume yangu alikufa,” Akiru alisema, sasa kwa Kiswahili ili nisikie mwenyewe. “Ng'ombe ilichukuliwa na maadui. Mimi nilibaki na hii miti na hii mbuzi. Mbuzi inakula ngitit hapa mpaka mvua inarudi. Wewe ukikata, mbuzi itakula nini? Karatasi yako?”

Sikukata. Nilirudi kwenye hema langu na kufanya ninachokifanya vizuri kuliko yote, yaani kufikiri hadi kichwa kiniume. Nilijiuliza kama mti mmoja ungekuwa tofauti na mingi. Nilijiuliza kama ningeweza kutafuta ekwar ambayo mwenyewe hakuwa na shida, kisha nikajiuliza mimi ni nani wa kuamua nani hana shida. Nilijiuliza kama kumnunulia mbuzi kungetosha, nikakumbuka kwamba tatizo lake lilikuwa chakula cha mbuzi, si uhaba wa mbuzi. Jibu lililobaki lilikuwa la kiufundi, na lilinifurahisha kwa usafi wake. Wenye ekwar hukata matawi wenyewe kila kiangazi. Kama tungepima kila tawi wanalolikata, unene wake mahali lilipounganika na uzito wake lilipoanguka, tungeweza kujumlisha mti mzima kutokana na matawi yake bila kuugusa mti. Shina tungelikadiria kwa vipimo vya urefu na mzunguko. Kazi ingekuwa mara tatu zaidi. Muda ndio kitu pekee ambacho mwanafunzi wa uzamili anacho kwa wingi.

Nilimpelekea Akiru wazo hilo. Alisikiliza, akamsikiliza Ekal akilirudia, kisha akaweka masharti. Tawi atachagua yeye. Atakata shemeji yake, kwa shoka lao. Majani yakishatoka kwenye mizani yanaenda kwa mbuzi papo hapo, hayangoji.

“Na shina?” niliuliza, maana nilitaka kila kitu kitamkwe.

Alinyoosha mkono wake, akaukata kwa kiganja kwenye kiwiko. “Mkono, sawa.” Kisha akaweka kiganja shingoni. “Hapa, hapana.”

Sijapata kusikia masharti ya utafiti yaliyoelezwa kwa uwazi zaidi, na nimekaa katika kamati nyingi za maadili zenye chai na maandazi.

Tukafanya kazi kiangazi chote. Deng alitengeneza miguu mitatu ya miti kutoka mabaki ya nguzo za kambini, tukaning'iniza mizani katikati. Msumeno ulikaa ndani ya gunia lake. Akiru alikuja kila siku kutusimamia, yaani kututukana. Alimwita Deng “mti mwingine,” kwa urefu wake, na mara kwa mara alimuuliza Ekal ni lini huyo naye atawekwa kwenye mizani. Mimi aliniita “yule wa kamba.” Mbuzi walijifunza sauti ya ndoano: ikilia tu, walikuja mbio. Nukta kwenye karatasi yangu ya grafu zilianza kujipanga karibu na mstari, kwa utiifu ambao nukta za ikolojia huonyesha kwa nadra, na nikathubutu kumwarifu Mratibu.

Alinijibu kwa redio, kwa Kiswahili, nadhani ili kila aliyekuwa kwenye mawimbi yale apate kunufaika.

“Binti, matawi si mti. Ova.”

“Matawi yote pamoja na shina ni mti, bwana. Nina vipimo vya kutosha kuonyesha kwamba...”

“Nafasi yako inasema miti mizima. Wafadhili hawakutuma msumeno uje kupamba stoo. Ova na mwisho.”

Baadaye niliitwa Lodwar. Wageni wa wafadhili walikuwa wamefika, na kila aliyekuwa na utafiti alitakiwa kuueleza. Nilifurahi. Niliamini, kama watu wa aina yangu wanavyoamini daima, kwamba hoja iliyopangwa vizuri hushinda. Nilibandika grafu ukutani, nikaeleza ekwar, nikaeleza matawi, nikaeleza masharti ya Akiru hata nikaonyesha kwa mkono wangu mwenyewe: kiwiko sawa, shingo hapana. Wageni waliandika. Mmoja alitabasamu na kusema inapendeza sana.

Kisha Mratibu akasimama. Alisema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba anajivunia kuona mradi umepata ridhaa ya jamii kupitia mwanafunzi wake, na kwamba kwa msingi wa ridhaa hiyo ukataji wa sampuli ulikuwa umeanza asubuhi ile ile. Baada ya chakula cha mchana wageni wangepelekwa Kakuma kushuhudia upimaji.

Nilisimama kabla hajamaliza. Nilisema ridhaa ni ya matawi. Nilisema mara mbili.

“Ni tofauti ya kiwango tu,” alisema Mratibu kwa upole, akiwatazama wageni, si mimi.

Nimeirudia sentensi ile kwa miaka yote ya kazi yangu, nikiigeuza kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Tofauti ya kiwango tu. Kati ya kiwiko na shingo kuna tofauti ya kiwango. Kati ya kukopa na kuiba kuna tofauti ya kiwango. Alilichukua neno la mwanamke yule, lililotamkwa wazi na kwa mipaka, akaliondolea mipaka yake, akalitumia. Na alilitumia kwa kuwa mimi nilikuwa nimelipata kwa uaminifu. Lingekuwa neno la kulazimishwa lisingemfaa mbele ya wageni. Hasira yangu haijapoa kwa sababu sijaona ni kwa nini ipoe.

Gari la mradi lilijaa wageni, na nikaambiwa nisubiri kesho. Nilikwenda barabarani na kumpata Abdi, dereva wa lori la Msomali mmoja wa mjini, aliyekuwa akipeleka mahindi kambini na alikuwa karibu kujiunga na msafara.

“Panda, walaal,” alisema, yaani ndugu. Tulipokwisha kuondoka alinitazama kwa pembeni. “Unalia, ama ni vumbi?”

“Ni hasira.”

“Hasira ni nzuri. Machozi ni kupoteza maji bure.”

Tulifika jua likiwa limeanza kulegea. Nilishuka lagani na kwanza nikapotea, kwa sababu alama nilizozitumia kujua njia zilikuwa chini. Walikuwa wameangusha miti mikubwa ya Akiru, ile yenye vivuli vipana na ngitit nyingi, maana mbinu ilihitaji vipenyo vikubwa. Mingine midogo ilikuwa imeachwa, kwa zamu ya kesho. Unga wa mbao ulikuwa mwekundu juu ya mchanga. Kuzunguka miti iliyolala palifungwa kamba ya mradi, turubai zilitandazwa, mizani zangu zilikuwa zinaning'inia kwenye miguu mitatu ya Deng. Wageni walisimama upande mmoja na kamera zao. Mratibu alikuwa kati yao, akieleza.

Upande wa pili walikuwa Waturkana, wanaume wenye fimbo mbele na Akiru akiwa ameketi juu ya shina, na wote hawakumtazama Mratibu. Walimtazama Deng. Yeye ndiye aliyekuwa na msumeno, na yeye ndiye mkimbizi, na tayari kulikuwa na maneno ya kutosha kati ya kambi na wenyeji juu ya kuni. Alikuwa ameketi mchangani, msumeno umezimwa miguuni pake.

“Dada,” aliniambia, “walisema wewe umekubali. Walisema mama amekubali. Mimi niliuliza. Waliniambia, wewe kata.”

Mratibu aliyaona yote yale. Alikuwa na macho, na alikuwa amesimama karibu. Alijua ni neno moja tu lililohitajika kutoka kwake, “Mimi ndimi niliyeagiza,” na Deng angekuwa salama. Alikuwa anawaeleza wageni juu ya unyevu wa mbao.

Nilipanda juu ya shina ili nionekane. Nilisema kwa sauti, nikimwelekezea kidole, jambo ambalo mama yangu alinifundisha nisimfanyie mtu mzima: “Aliyeagiza miti ikatwe ni huyu. Deng alitumwa. Mama Akiru alikubali matawi peke yake, na mimi ni shahidi.” Ekal alitafsiri. Tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko kauli yangu na nashuku iliongezwa mambo, kwa sababu katikati yake wanawake waliguna na mzee mmoja akamtazama Mratibu viatu kwanza, kisha akapanda taratibu hadi usoni. Fimbo zilishuka kidogo. Deng alivuta pumzi.

Mratibu alinivuta kando. Hakuwa amekasirika, ndilo lililonitisha. “Sikiliza,” alisema kwa Kiswahili. “Miti imekwisha kulala. Hairudi juu. Unajua kama mimi kwamba majani hupoteza maji kwa saa. Uzito mbichi haungoji kesho. Pima leo, na kabla ya mwaka kwisha una shahada. Usipopima, imekufa bure. Hicho ndicho unachotaka? Ife bure?”

Na hapa, wenzangu, ndipo ninapotaka mkae kidogo, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli. Miti ilikuwa imekufa. Mlinganyo ulikuwa umelala pale kwenye turubai, mzima, kwa namna ambayo matawi yangu yasingeweza kuutoa kamwe bila makadirio. Kuupima kusingemwongezea Akiru hasara hata ya ganda moja. Kwa kila kanuni niliyokuwa nimefundishwa, kutopima kulikuwa ubadhirifu. Nilisimama nikiipanga hoja hiyo na kuipangua, mtu aliyefunzwa vizuri, wakati majani yakianza kujikunja mbele ya macho yangu.

Mbuzi walikuwa wamekusanyika kwenye kamba. Walikuwa wamesikia ndoano ikilia na walikuja kama kawaida yao, wakakuta wamezuiwa. Mmoja wa vibarua wa mradi alikuwa akiwarudisha kwa mateke.

“Wewe wa kamba!” Akiru aliniita kutoka juu ya shina. “Majani inakauka. Mbuzi iko na njaa. Unangoja nini?”

“Waondoeni hao mbuzi!” alisema Mratibu.

Maneno ya Akiru yalikuwa masharti yale yale. Majani hayangoji, yanaenda kwa mbuzi. Yeye alikuwa bado anayashika masharti yake, katika siku ambayo sisi tulikuwa tumeyavunja yote, na mtu aliyekuwa akiwazuia mbuzi wake wasile kilichobaki cha chakula chao alikuwa anasubiri nimpe vipimo. Nilikwenda kwenye kigingi na kufungua fundo. Halikuwa fundo gumu. Kamba ililala chini, na mbuzi wa Akiru wakaingia juu ya turubai kama wageni wa harusi waliocheleweshwa na hotuba, wakala majani na maganda mabichi na hata lebo za karatasi zilizokuwa zimefungwa kwenye vijiti. Mratibu alipiga kelele. Mgeni mmoja alipiga picha.

Niligeuka kumtazama Akiru, nikitarajia sijui nini.

“Ondoka hapo,” alisema. “Unakanyaga chakula.”

Nafasi yangu ilifutwa kwa sababu iliyoitwa mwenendo usiostahili mbele ya wageni. Palikuwa na baraza kwa chifu. Nilikwenda na kusema tena niliyoyasema juu ya shina. Mratibu alijibu kwamba ardhi ile ilikuwa chini ya halmashauri na kwamba kisheria miti haikuwa ya mtu. Wazee walimtoza wanyama, kwa desturi yao. Akaahidi kuyafikisha madai hayo makao makuu, na kwa kadiri ninavyojua yangali njiani. Deng alirudi kambini na hakuajiriwa tena na mradi, kana kwamba yeye ndiye aliyeingia kwenye mkutano na kuongea Kiingereza. Ekal aliniambia baadaye kwamba kiangazi kilichofuata Akiru aliwapeleka mbuzi Lopur, kwa kaka yake, na kila asubuhi alikuwa akiomba nafasi chini ya miti ya watu wengine. Mwanamke ambaye wengine walikuwa wakimwomba. Wale mbuzi dhaifu hawakurudi.

Shahada yangu niliipata baadaye, idara nyingine, mada nyingine, na kuanzia hapo mnaifahamu kazi yangu iliyobaki, ambayo haikuwa mbaya na haina haja ya kusimuliwa. Mashina yaliyolala Tarach hayakuachwa. Mwaka uliofuata nafasi ile ile ilitangazwa upya, mara hii bila sharti la uraia, akaja mhitimu mwingine kutoka ng'ambo, mtu mpole kwa maelezo ya Ekal, akayapima yakiwa makavu, akaandika. Mlinganyo ukapatikana. Ndio huo uliobandikwa ukutani katika chumba chenu cha kompyuta, ambao mnautumia kwa kila makadirio ya kuni na ya hewa ya ukaa kaskazini mwa nchi. Nimeomba mara nyingi urekebishwe kwa vipimo vya matawi ninavyovihifadhi mpaka leo. Hujibiwa kwamba matawi si mti.

Basi mnapochukua nafasi, chukueni. Sisemi mkae nyumbani na kabichi. Lakini mkikuta mbinu imekwisha kuamuliwa, ulizeni iliamuliwa juu ya mali ya nani, na mkipewa neno na mtu kama Akiru, lipelekeni na mipaka yake au msilipeleke kabisa. Na mnapoutumia mlinganyo ule wa ukutani, tazameni safu ya tatu ya jedwali lake, ile ya majani, yenye tarakimu nne safi baada ya nukta. Majani yale hayakupata kupimwa na mtu yeyote. Yaliliwa.